Goti Lililosikia Kikohozi

Goti hupimwa kwa kuanza na lile zima. Ukimwona muuguzi anarukia moja kwa moja goti linalouma, ujue huyo hakufundishwa, alikimbizwa tu, na mimi wa namna hiyo nilikuwa nawafukuza kitandani kwa mgonjwa bila kuona haya. Unamlaza mgonjwa chali, unafunua magoti yote mawili, unarudi nyuma kidogo, halafu unafunga mdomo na kutazama. Lipi limevimba, lipi limepinda, paja la upande gani limekonda. Kisha unatumia mgongo wa mkono, si kiganja, maana kiganja kimezoea moto na kinadanganya: unaupitisha juu ya goti zima, halafu juu ya lile gonjwa, unatafuta joto. Unabonyeza pia ya goti, ule mfupa wa mviringo wa mbele, uone kama inaelea juu ya maji. Mwisho unakunja na kunyosha, huku kiganja kimetulia juu ya pia, kwa sababu goti lina sauti yake, na sauti hiyo mara nyingi sikio haliipati, ngozi ndiyo inaipata.

Nasema haya kwa maringo, najua. Nilikuwa kijana, nina kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na katika Bukavu ya miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji muuguzi mweusi mwenye cheti alikuwa mtu wa kuvuliwa kofia barabarani. Watu waliniita munganga, na neno hilohilo walimwita daktari mzungu, na mimi lilinipendeza kuliko mshahara. Mimi si mtu wa milima ile. Nimezaliwa porini, upande wa Shabunda, na ile baridi ya asubuhi inayopanda kutoka ziwani niliizoea kwa shida. Kimashi, lugha ya wenyeji, nilijifunzia vitandani kwa wagonjwa, ndiyo maana maneno yangu ya kwanza yalikuwa "inakuuma wapi" na "tangu lini".

Daktari wetu alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye nyusi nyeupe, mtu mpole. Ila Kiswahili chake chote kilikuwa cha amri: lala, amka, kunja, nyosha, toka, rudi. Tulimcheka nyuma ya mlango, lakini kwa kupima goti hayo yalimtosha kabisa. Mara kwa mara alikwenda Kalehe kutazama wagonjwa wa huko, na sisi wauguzi tukabaki na hospitali.

Alikuwa Kalehe walipomleta yule mwanamke.

Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi yenye ukungu mzito hata usione miti ya uani. Walitoka Mudaka wakiwa wamembeba katika kipoyi, kile kitanda cha miti cha mabegani, na wabebaji walikuwa wametapakaa matope hadi kiunoni. Mwanamke kijana, ameolewa si muda mrefu, mume wake anafanya kazi katika mgodi wa dhahabu kule Mwenga. Kaka yake mkubwa alikuwa ametangulia mbele ya kipoyi. Nyuma kabisa, mbali na wote, alikuja mzee mmoja aliyevaa koti kuukuu la kijeshi, anatembea peke yake kama mtu asiye na habari na msafara ule. Nilidhani ni mgonjwa mwingine aliyekuja kivyake. Aliketi barazani, akaupa mlango mgongo, akatazama mvua.

Tulipomlaza mwanamke katika chumba kile kikubwa cha vitanda tulichokiita sale, kaka alinivuta pembeni.

"Munganga," akasema, "mimi nakuambia kweli. Dada yangu hana ugonjwa ya lopitalo. Mume yake njo alituma habari kutoka mugodi, akasema mumupeleke kwanza kwa banganga ba lopitalo. Njo maana tuko hapa."

"Ana nini?"

"Goti yake inafungaka. Sawa mulango. Haikunjuki, hainyooki, anaanguka chini analia. Na inafungaka mahali moja tu." Akanyoosha midomo kuelekea barazani. "Mbele ya ule muzee. Ni baba mukwe yake."

Akanieleza yote. Kila asubuhi mwanamke alikuwa anapeleka chakula kwa baba mkwe, maana yule mzee ni mjane na nyumba zao zimepakana. Akifika uani anapiga magoti kumwamkia, kama inavyompasa mke wa mwana katika nchi ile, na akitaka kuinuka, goti limeshikwa. Shambani, na mzigo wa viazi umemning'inia kipajini kwa kamba, hakuna kitu. Kisimani hakuna kitu.

"Na kanisani?" nikamwuliza, nikidhani nimemshika. "Kanisani hapigi magoti?"

"Anapiga. Misa yote. Hakuna kitu."

Kaka akaendelea kwa sauti ya chini, bila hasira, na ile ya kutokuwa na hasira ndiyo iliyonitisha. Alisema yule mzee alizika mke, akazika na watoto, akabaki na mwana mmoja tu, na watu wa kilima, yaani kijiji chao, zamani walimhurumia kwa hilo, sasa walikuwa wanalitazama upya. Ikijulikana kwamba ni yeye aliyemtia msichana kitu gotini, atatoka kilimani. Chifu atasikia, nyumba yake itavunjwa, naye ataondoka na kile alichovaa. "Mulozi, hata asiyejijua ni mulozi, hawezi kulala karibu na bibi ya mutoto wake," akasema. "Hata wewe hungekubali."

Nikamwambia akae kimya, nina kazi.

Yule mwanamke alikuwa na uso wa duara na macho ya utani, hata katika ule woga. Nilimwuliza maumivu yako wapi hasa. Akatikisa kichwa. "Si maumivu, munganga. Ni sawa kuna mutu ndani, anashikilia mulango nisifungue."

Nilifunika mapaja yake kwa shuka, nikaacha magoti peke yake, nikaanza na lile zima, kama desturi. Goti zuri la mtu wa milimani, kavu, lenye nguvu. Nikahamia kwa lingine. Lilikuwa limejaa kidogo, joto si kali. Pia ilielea, ikagonga. Mpaka hapo nilikuwa nimetulia kama padri. Nikapitisha vidole pembeni mwa pia, upande wa nje, kwenda juu, na chini ya kidole changu kitu kikaondoka.

Sijui niseme namna gani. Kilikuwa kigumu, kikubwa kama harage, na hakikusukumwa: kiliondoka. Nikakifuata, nikakikuta juu ya pia, nikakigusa, kikavuka upande wa pili. Nimepima magoti mengi, yenye maji, yenye usaha, yenye risasi. Kitu kinachokimbia kidole sikuwa nimekutana nacho. Nikakizingira kwa vidole vya mikono miwili, kikainuka chini ya ngozi, kikaonekana kwa macho, na kaka mtu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema polepole, "Yezu wangu." Mama wa kitanda cha jirani akajigeuza ukutani, akajifunika shuka hadi kichwani.

Ndipo barazani yule mzee akakohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu, cha adabu. Baba mkwe hawezi kuingia penye mkamwana bila kukohoa kwanza, ili msichana apate kujistiri. Akaja hadi mlangoni, akasimama akiwa ametupa mgongo, akauliza akitazama nje: "Mutoto amepata nafuu?"

Mwanamke alikuwa ameshakunja miguu na kujifunika kikwembe, kitenge chake. Nilikuwa bado nimeshika goti lake. Nikamwambia anyoshe, nikatafuta. Kitu hakipo. Nikatafuta juu, chini, pande zote, nyuma ya goti, nikabonyeza mpaka akaguna. Hakipo kabisa. Goti lilikuwa laini kama la mtoto.

"Umeona?" kaka akaninong'oneza.

Nikamwambia mzee atoke. Nikakunja, nikanyosha, nikakunja, nikazungusha muundi, na baada ya muda kile kitu kikarudi mahali pake, juu ya pia, kimetulia. Kaka akaniomba tufanye tena. Mimi pia nilitaka, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mimi nikiogopa hukasirika. Akamwita mzee. Kikohozi mlangoni. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kitu chenyewe, nimekishika kweli, na kikanitoka kikaenda. Tukarudia mara nyingine tena, na ikawa vilevile.

"Ile kitu iko inamujua mwenyewe yake," akasema kaka.

Mwili ulinisisimka kuanzia mgongoni hadi kisogoni. Nilikuwa na cheti, ndiyo, lakini cheti kilikuwa nyumbani ukutani, na pale nilikuwa na mikono yangu tu.

Habari ilienea hospitalini kabla ya saa sita. Wagonjwa wenye miguu mizima kabisa wakaanza kulala wamejifunika magoti. Mfagiaji alifagia sale yote akaruka chini ya kitanda kile. Muuguzi mwenzangu, mtoto wa katekista, ambaye siku zote alinitania kwamba sisi watu wa porini tunaona wachawi hata kwenye sufuria, safari hii hakutania. Alinipa maji yenye chumvi ninawe mikono. Nikanawa. Jioni nyumbani nilijikuta nimekaa mezani ninalibonyeza goti langu mwenyewe, na mke wangu akaniuliza ninatafuta nini. Nikamjibu vibaya.

Mzee hakuondoka. Mvua ilimpigia barazani pale, na watu waliokuja kuona ndugu zao walipita wakimkwepa, wakaacha nafasi ya watu wengine watatu kila upande wake. Hakuna aliyempa moto wa tumbaku. Siku moja aliniita, akanipa ndizi alizozileta kutoka kwake, akinishukuru kwa kumtunza mtoto. Ninyi mnajua namna watu wa kule wanavyoogopa kula kitu cha mkono wasiouamini. Nilizipokea kwa mikono miwili na kuzila mbele yake, na kila tonge lilishuka kwa tabu, na mzee alinitazama kwa shukrani iliyonichoma. Alisema kwa Kimashi: "Wewe unakula." Nikasema ndiyo, baba, ni tamu.

Nilimpenda yule mzee, niseme wazi. Na bado nilimwogopa.

Mchana mmoja, mvua imekatika, sale imelala kwa joto, nilikuwa napita kati ya vitanda. Yule mwanamke alikuwa amelala usingizi mzito, chali, mdomo wazi, miguu imenyooka nje ya shuka. Mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda kusali. Mbele kabisa, karibu na dirisha, tulikuwa na mgonjwa wa kifua, naye mzee. Akakohoa. Mara mbili, kavu.

Nikaona miguu ya mwanamke inajikunja. Yenyewe. Magoti yakapanda mpaka karibu na kifua, mkono ukashuka, ukavuta kikwembe hadi kwenye visigino, ukatulia. Uso haukubadilika. Mdomo ulikuwa wazi vilevile, pumzi ilikuwa ileile ya usingizi. Hakuamka hata kidogo.

Niliganda pale. Kama mtu angekuwa amesimama kitandani anamvuta miguu kwa kamba ningeogopa kidogo kuliko hapo. Halafu, taratibu, akili ikanirudia. Nikakaribia, nikanyosha goti kwa upole bila kumwamsha, nikapapasa. Kitu hakipo. Na mzee mwenyewe alikuwa kanisani, mbali, anasali!

Nilicheka kwa sauti, wagonjwa wakaamka. Kumbe ni hivyo. Kikohozi kinakuja, goti linajikunja kwa heshima, likikunjwa mpaka mwisho kile kitu kinateleza na kuingia nyuma, kwenye uchochoro wa ndani ambako kidole hakifiki. Hakimjui mzee wala babu yake mzee. Na uani kwake? Kanisani mtu anapiga magoti amesimama wima kutoka magotini kwenda juu. Lakini mkamwana mbele ya baba mkwe anakaa juu ya visigino, chini kabisa, macho kwenye udongo, anangoja mpaka aruhusiwe. Hapo ndipo kitu kinabanwa, ndipo goti linafungwa. Ni kukaa kule, basi.

Nilimtafuta kaka mtu mbio, nikamkuta chini ya mti anapiga soga na wabebaji, nikamweleza kila kitu, mpaka nikachuchumaa mwenyewe kwenye matope na kaptula yangu nyeupe kumwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Kwa hiyo," akasema, "hata akilala usingizi, mwili yake inamuogopa."

"Haimuogopi! Inamuheshimu!"

"Munganga, na ile heshima njo mulango yake ya kuingilia. Angepita wapi kwingine?"

Nilimtukana. Sikumbuki tusi gani, ila lilikuwa la Kirega, lugha ya kwetu, na afadhali hakulijua.

Daktari akarudi kutoka Kalehe. Nilimweleza, naye akampima kwa utaratibu uleule, zima kwanza: kunja, nyosha, kunja. Alikipata kile kitu kwa vidole vyake virefu, akakipoteza, akakipata, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli kidogo, kama yai la mjusi, kimeelea kando ya mfupa. Alinieleza kwa Kifaransa: zamani msichana alianguka au alijigonga, kipande kidogo cha mfupa na gegedu lake kikabanduka, tangu hapo kinazunguka ndani. Tutapasua, tutakitoa, atatembea.

Niliwakusanya chini ya baraza, kaka upande huu na mzee mbali upande ule, nikawafasiria. Nilisema kwa sauti ili hata wapita njia wasikie: kitakachotoka ni mfupa wake mwenyewe, kipande cha mwili wake, hakuna mtu aliyekitia.

Kaka alifikiri, kisha akasema neno la mtu mwenye haki, siwezi kumnyima hilo. "Mukitoa mufupa yake, mimi nitamuomba muzee pardon mbele ya batu bote, na mbuzi juu. Mukitoa kitu ingine, munajua."

Mzee akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama yule kijana usoni. "Nimekubali," akasema. Na nikaona kwamba anafurahi. Alikuwa ameanza kukunja koti lake vizuri kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani kwake.

Siku ya upasuaji nilisimama kando ya daktari. Alipasua pembeni ya pia, maji ya manjano yakatoka, akaingiza koleo, akakikosa mara ya kwanza, mara ya pili akakitoa na kukiweka katika sahani yangu ya chuma. Kililia ting.

Nilikuwa nimetegemea kibanzi. Kitu chenye kona, chenye upande uliovunjika, kitu ambacho mtu yeyote akikiona atasema ndiyo, hiki kilikatika mahali. Badala yake kililala pale kitu cheupe, kimeviringika, laini pande zote, kinang'aa, kama kokoto iliyochongwa na kusuguliwa na mtu mwenye subira. Hakikuwa na jeraha lolote. Nilimwuliza daktari mbona si kama mfupa. Akanieleza huku anashona: kinazunguka muda mrefu, kinajisugua, tena kinakua. Maji ya goti yanakilisha. Kinakula humo, kinanenepa, kinajizungushia tabaka juu ya tabaka. Aliyasema hayo kwa furaha, maana ni maajabu kweli, na akaniagiza nikawaonyeshe ndugu, wapate kutulia.

Baada ya siku chache mwanamke alikuwa na nguvu, mguu umefungwa juu ya ubao kuanzia pajani hadi kisiginoni. Nikampeleka kaka kitandani, nikamwonyesha kile kitu ndani ya sahani. Hakukigusa. Aliinama, akakitazama kwa muda.

"Ni mufupa?"

"Ni mfupa. Wake."

"Mbona haukuvunjika popote?"

Nikamweleza. Sikuweza kusema uongo, na kweli ndiyo hiyo: kilizunguka, kikakua. Kilikuwa kinapata chakula humo ndani. Niliyasikia maneno yangu yanatoka mdomoni moja moja, na nikatamani kuyarudisha. Kaka hakupiga kelele. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa, akasema: "Kumbe ilikuwa inamukula." Kisha akatoka kumwita mzee.

Mzee alikohoa mlangoni, mara mbili. Mguu wa mwanamke ulijaribu kujikunja, ukashindwa, ubao ukaushika. Nilisikia ubao unalia. Akabaki amelala hivyo, mguu umenyooka kumwelekea baba mkwe wake, hawezi kuurudisha, akajifunika uso kwa kikwembe na kulia kwa aibu.

Mzee hakutupa mgongo safari hii. Alikuja mpaka kwenye sahani, akanyosha mkono, akakichukua kile kitu kwa vidole viwili, akakiweka kiganjani. Nilikuwa nangoja afurahi. Nilikuwa na maneno tayari: umeona, baba, ni mfupa tu. Alikigeuza upande huu, upande ule. Alipitisha kidole gumba juu yake, akitafuta mahali kilipovunjika, akarudia, akatafuta tena. Kidogo kidogo uso wake ukabadilika, na sijaona tena uso ukibadilika namna ile katika kazi yangu yote. Haukuwa uso wa mtu aliyeonewa. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka.

Walisema kwa Kimashi, lakini nilikuwa ninakielewa vizuri wakati ule.

"Mwanangu," akamwambia mkamwana, "nilikiweka lini?"

Nilidakia. Nilisema baba, hapana, hukuweka kitu, sikiliza, ni mfupa, umebanduka, unakua wenyewe. Nilisema mengi. Aliniitikia kila neno, ndiyo munganga, ndiyo, kwa adabu ile watu wanayowapa watoto wanaosumbua, lakini macho yalikuwa kwa yule mwanamke, yakingoja.

Akafunua uso. Machozi yalikuwa yamekauka. Hakuwa na hasira naye, na hata leo nikikumbuka ule upole wake naogopa kuliko nilivyoogopa kile kitu kilipokimbia kidole changu. Alifikiri, amekunja kipaji, kama mtu anayemsaidia mzee kutafuta kisu chake kilichopotea.

"Labda ile siku ya kuvuna mtama, baba," akasema. "Ulinipita karibu sana pale kwenye lango. Ulinishika bega."

Mzee akafikiri naye.

"Ndiyo," akasema. "Nilikushika bega." Akakirudisha kitu katika sahani taratibu, kisilie. "Itakuwa ni siku ile. Nisamehe, mwanangu. Mume wako akirudi mwambie nimekwenda mwenyewe, hakuna aliyenifukuza."